Taa ya Breki na Taa ya ABS: Somo kwa Wenye Magari Makuukuu

Barabara inayoteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate haimpi dereva nafasi ya kubahatisha. Ni kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Dereva anayeanza mteremko huo huku taa nyekundu ya breki ikiwaka kwenye dashibodi amekwisha kuonywa. Kilichobaki ni kuelewa ameonywa juu ya nini.

Katika Taita Taveta, kama kwingineko nchini, magari makubwa aina ya SUV yaliyoagizwa yakiwa yametumika hupendwa kwa sababu yanahimili barabara za vumbi, matope na milima. Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha 120, iliyoundwa kuanzia mwaka wa 2002 hadi 2009, ni mojawapo. Kanuni za Kenya haziruhusu kuagizwa kwa gari lililopitisha miaka 8, kwa hivyo Prado hizo zote zimekwisha kukaa barabarani miaka mingi. Injini inaweza kuwa ingali na nguvu, lakini waya, sensa na raba za mfumo wa breki zimezeeka.

Somo hili linaeleza maana ya taa ya breki na taa ya ABS, hatua za kutafuta chanzo cha hitilafu, na wakati ambapo gari halipaswi kusogezwa hata mita moja. Limeandaliwa kwa ajili ya wenye magari na madereva. Litawafaa pia vijana wanaosomea ufundi wa magari katika vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti.

TAA MBILI, KAZI MBILI

Madereva wengi huzichukulia taa hizi kama kitu kimoja. Hapo ndipo makosa huanzia.

Taa nyekundu huwa na mduara wenye alama ya mshangao ndani yake, au neno BRAKE. Taa hii inahusu uwezo wenyewe wa gari kusimama. Huwaka breki ya mkono ikiwa imevutwa, mafuta ya breki yakipungua, au presha ya kusaidia breki ikishuka katika magari yenye pampu ya umeme.

Taa ya ABS ni ya rangi ya chungwa. ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Kwa kawaida kila gurudumu lina sensa inayopeleka habari za mwendo wake kwa kompyuta. Gurudumu moja likitaka kusimama kabla ya mengine, kompyuta hulegeza breki ya gurudumu hilo na kuirudisha, mara kadhaa katika sekunde moja. Ndiyo maana pedali hutetemeka mguuni mfumo huo unapofanya kazi. Mtetemo huo si ubovu.

Kompyuta ikigundua kwamba haiwezi kuamini habari inazopata, hujiondoa kazini na kuwasha taa ya chungwa. Breki za kawaida hubaki, ila magurudumu sasa yanaweza kufunga na gari kuteleza, hasa kwenye murram, matope au lami iliyolowa.

Kwa ufupi:

• Taa ya ABS peke yake: breki zipo, kinga ya kuteleza haipo. Gari liendeshwe polepole hadi kwa fundi.
• Taa nyekundu peke yake: breki zenyewe zinatiliwa shaka. Gari lisimame, chanzo kitafutwe kwanza.
• Taa zote mbili, hasa zikiambatana na mlio usiokatika: hatari. Gari lisiendeshwe.

JARIBIO LA KWANZA: UFUNGUO

Jaribio hili halina gharama. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, dereva ageuze ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa ya ABS inapaswa kuwaka, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Huo ni ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia kila mara. Taa nyekundu nayo inapaswa kuonekana, na izime injini ikishawaka na breki ya mkono kuachiliwa.

Taa ya ABS isipowaka kabisa, hiyo si habari njema. Huenda balbu imekufa, imetolewa, au imezibwa kwa gundi ili mnunuzi asiione. Kuna na hila nyingine: waya wa taa ya ABS huunganishwa na waya wa taa ya oili au ya betri, ili ziwake na kuzima pamoja. Hila hiyo hugunduliwa kwa kungoja ufunguo ukiwa ON bila kuwasha injini. Taa halisi ya ABS huzima yenyewe, lakini iliyounganishwa kwa hila hukaa ikiwaka hadi injini iwashwe.

TAA NYEKUNDU IKIWAKA PEKE YAKE

Uchunguzi huanza na jambo jepesi kuliko yote.

1. Breki ya mkono. Je, imeachiliwa hadi mwisho? Swichi yake ndogo hukwama kwa vumbi au hulegea. Breki ya mkono ikivutwa na kuachiliwa mara kadhaa, na taa ikababaika, swichi ndiyo ya kushukiwa.

2. Kiwango cha mafuta ya breki. Chupa yake iko chini ya boneti, upande wa dereva, nayo ina alama za MAX na MIN. Mafuta yakikaribia MIN, kuna maelezo mawili: pedi za breki zimelika, au mafuta yanavuja. Pedi zikilika, pistoni husogea mbele na kuchukua nafasi iliyojazwa na mafuta, kwa hivyo kiwango hushuka polepole kwa miezi mingi. Kikishuka ghafla, kuna mahali panapovuja.

Kuongeza mafuta na kuendelea na safari bila kutafuta yalikokwenda ni kuficha ugonjwa. Pedi zikaguliwe kwanza. Zikiwa zimebaki milimita 3 au chini ya hapo, ni wakati wa kuzibadilisha. Kisha kila gurudumu likaguliwe upande wa ndani, pamoja na mipira ya breki na paipu za chuma chini ya gari. Unyevu wa mafuta ndani ya tairi ni dalili ya kuvuja.

3. Aina na umri wa mafuta. Prado nyingi za kizazi hicho hutumia mafuta ya DOT 3, na mfuniko wa chupa huonyesha aina inayotakiwa. Oili ya injini au mafuta ya stering kamwe yasitiwe humo, kwani huvimbisha raba za mfumo mzima na kuziharibu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Breki zinazokanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hutoa joto kali. Mafuta yaliyozeeka yakichemka hutoa mapovu, na pedali iliyokuwa ngumu huzama hadi chini. Dereva aliyewahi kusema breki "zilikatika" mlimani huenda alikuwa na pedi nzuri na mafuta mabovu. Kubadilisha mafuta kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo ikilinganishwa na balaa hilo.

TAA YA ABS IKIWAKA PEKE YAKE

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Kitengo cha ABS ni ghali, na mara nyingi hulaumiwa kwa kosa la waya wa sensa. Utaratibu mwema ni kutoka kwenye rahisi kwenda kwenye ghali.

Betri na chaji. Kompyuta ya ABS haivumilii umeme hafifu. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, chaji inapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.5. Vichwa vya betri vilivyooza au alternata iliyochoka vinaweza kuwasha taa ya ABS ilhali mfumo wenyewe ni mzima.

Fyuzi. Mchoro ulio kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi huonyesha zile za ABS. Fyuzi iliyoungua ikibadilishwa, iwe ya kiwango kile kile. Ikiungua tena, kuna waya uliogusana na bodi. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kualika moto.

Tairi. Tairi za ukubwa tofauti, au moja yenye upepo mdogo mno, huzunguka kwa mwendo tofauti na nyingine, na kompyuta hudhani kuna hitilafu.

Sensa na waya zake. Gari likiwa limeinuliwa kwa jeki, limewekewa stendi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yamezuiwa kwa mawe au vizuizi, fundi afuate waya wa kila sensa kutoka kwenye gurudumu hadi unapoingia ndani ya bodi. Waya wa mbele hujikunja kila stering inapozungushwa, na baada ya miaka mingi hukatikia ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje. Plagi zifunguliwe, zitazamwe kama zina kutu ya kijani, na zisafishwe.

Ncha ya sensa hukaa karibu sana na pete yenye meno, au pete ya sumaku, inayozunguka pamoja na gurudumu. Vumbi la chuma na kutu vikijaa hapo, ujumbe hudhoofika. Dalili yake ni hii: gari likikaribia kusimama kwa utulivu kwenye lami kavu, pedali inatetemeka kana kwamba kuna utelezi. Sensa yenye kutu hushikana na chuma inapokaa. Ikipigwa nyundo huvunjika, kwa hivyo ilowekwe mafuta ya kulegeza kutu na itolewe kwa subira.

Sensa za koili zinaweza kupimwa kwa mita ya umeme, na njia nzuri ni kulinganisha ya kulia na ya kushoto katika ekseli moja. Moja ikionyesha kipimo cha kawaida na nyingine ikionyesha waya uliokatika, jibu limepatikana. Sensa za kisasa zaidi zina saketi ndani yake na hazipimwi hivyo. Hizo zinahitaji mashine.

Beringi. Gurudumu likiwa juu, lishikwe juu na chini kisha litikiswe. Likicheza, nafasi kati ya sensa na pete yake hubadilika kila gari linapokwenda. Taa ya ABS iliyoanza kuwaka siku chache baada ya beringi kubadilishwa imetaja mtuhumiwa yenyewe. Katika baadhi ya magari pete ya sumaku iko kwenye beringi, na ikifungwa kinyume sensa haioni kitu.

Kuna jambo moja zaidi. Katika magari mengi ya Toyota yenye mfumo wa VSC wa kudhibiti mtelezo, hitilafu ya injini inaweza kuwasha taa za VSC pia. Kwa hivyo taa ya injini ikiwaka wakati mmoja na hizo, injini ichunguzwe kwanza kabla ya mtu yeyote kugusa breki.

ZIKIWAKA ZOTE, NA MLIO

Prado 120 nyingi zenye VSC, pamoja na baadhi ya Land Cruiser za rika lake, hazina ile busta ya kawaida inayotumia mvuto wa hewa wa injini. Zina pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye akumuleta, yaani kopo la chuma lenye gesi ya naitrojeni nyuma ya kizuizi. Gesi hiyo hubanwa na kuhifadhi presha, tayari kumsaidia dereva anapokanyaga pedali.

Presha hiyo ikishuka kupita kiasi, taa nyekundu, taa ya ABS na taa za VSC huwaka pamoja, na mlio mfululizo husikika. Maana yake ni kwamba msaada wa breki unakwisha. Pedali huwa ngumu kama jiwe na nguvu ya breki hupungua sana, hasa magurudumu ya nyuma. Gari katika hali hiyo livutwe. Lisiendeshwe "polepole tu hadi gereji", hata kama gereji inaonekana pale.

Jaribio la pampu hufanywa gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa:

1. Ufunguo ukiwa umezimwa, pedali ya breki ikanyagwe mara 40 au zaidi, hadi iwe ngumu. Hapo presha yote imetoka.
2. Ufunguo ugeuzwe hadi ON bila kuwasha injini. Mvumo wa pampu unapaswa kusikika, na unyamaze baada ya takriban sekunde 30 hadi 40.
3. Pampu ikishanyamaza, ndipo kiwango cha mafuta kwenye chupa kikaguliwe. Kabla ya hapo kitaonekana kimepanda, na mtu anaweza kudanganyika.
4. Pedali ikanyagwe mara chache. Pampu inapaswa kuvuma kwa muda mfupi tena na kunyamaza.

Pampu ikikaa kimya kabisa, fyuzi, rilei na waya zake zikaguliwe kabla ya kulaumu mota. Ikivuma bila kukoma, haifikishi presha. Ikianza kuvuma kila pedali inapoguswa, huenda gesi ya akumuleta imekwisha. Ikijiwasha kila baada ya muda mfupi bila pedali kukanyagwa, presha inavuja mahali fulani ndani ya kitengo.

Kazi inayofuata hapo si ya kujaribiwa nyumbani. Presha iliyo ndani ya akumuleta ni zaidi ya mara 50 ya presha ya tairi. Paipu ikifunguliwa kabla presha haijatolewa, mafuta huruka kwa nguvu ya kujeruhi macho na ngozi.

KOMPYUTA ISEME KABLA YA SPEA KUNUNULIWA

Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi ya uchunguzi. Vifaa vingi vya bei rahisi husoma misimbo ya injini pekee, ile inayoanza na herufi P. Misimbo ya breki huanza na C, na si kila mashine huisoma. Mwenye gari ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: "Mashine hii inasoma ABS?"

Misimbo michache ya Toyota inafaa kukumbukwa:

• C0200: sensa ya mbele kulia.
• C0205: sensa ya mbele kushoto.
• C0210: sensa ya nyuma kulia.
• C0215: sensa ya nyuma kushoto.
• C1241: umeme wa betri hafifu.
• C1252: pampu ya breki inafanya kazi kwa muda mrefu kupita kiasi.
• C1256: presha ya akumuleta imeshuka.

Pale ambapo hakuna mashine, fundi mzoefu anaweza kuunganisha tundu la TC na la CG katika soketi hiyo, namba 13 na namba 4, kisha kuhesabu jinsi taa ya ABS inavyopepesa. Kupepesa mara tatu, kutua, kisha mara moja ni 31, yaani sensa ya mbele kulia. 32 ni ya mbele kushoto, 33 ya nyuma kulia, na 34 ya nyuma kushoto. Taa ikipepesa haraka bila kutua, kompyuta haina kosa lililohifadhiwa. Kuunganisha matundu yasiyo sahihi kunaweza kuunguza kompyuta, kwa hivyo asiye na uhakika asijaribu.

Msimbo huonyesha eneo lenye shida. Hautaji kifaa kilichokufa. C0205 haisemi "nunua sensa". Inasema ujumbe wa gurudumu la mbele kushoto haufiki. Waya uliokatika, plagi yenye kutu, beringi inayocheza na sensa iliyokufa vyote huleta msimbo huo mmoja.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Chukulia gari la mwalimu anayeishi milimani na kufundisha chini, Prado ya mwaka wa 2005. Msimu wa mvua, taa ya ABS inaanza kuwaka asubuhi na kuzima mchana. Baada ya wiki mbili haizimi tena. Mwalimu anaipeleka gereji.

"Mwalimu, hiyo ni taa tu," fundi anamwambia. "Breki si zinashika? Nikitoa balbu haitakusumbua."

"Fundi, watoto wangu watatu hukaa nyuma kila asubuhi. Nataka kujua inasema nini."

"Basi tubadilishe kitengo cha ABS. Nitakutafutia cha mtumba."

"Kabla sijanunua chochote, nisomee msimbo, uniandikie."

Mashine inatoa C0215, gurudumu la nyuma kushoto. Fundi anainua gari na kufuata waya. Karibu na ekseli, kishikizo cha waya kimevunjika, waya umening'inia na kusuguliwa hadi ganda limechubuka. Maji ya mvua yaliingia hapo, na jua lilipokausha taa ilizima. Waya unaungwa upya kwa kuchomelewa risasi na kufunikwa vizuri, kishikizo kipya kinafungwa, na msimbo unafutwa. Gari linajaribiwa mahali tambarare, na taa hairudi.

Kuna mambo matatu ya kuzingatiwa katika mfano huu. Kwanza, tabia ya taa, kuwaka kwenye unyevu na kuzima kwenye ukavu, ilikuwa ushahidi kabla ya mashine kuletwa. Dereva anayeandika ni lini taa inawaka anamsaidia fundi nusu ya kazi. Pili, kitengo cha mtumba kingenunuliwa na kufungwa, taa ingewaka vile vile. Tatu, balbu ingetolewa, mwalimu angeendelea kushuka kila asubuhi akiamini kinga ipo. Siku mafuta ya breki yatakapopungua au sensa nyingine kufa, gari halitakuwa na njia ya kumwambia.

GARI LIKIWA TAYARI MTEREMKONI

Kinga ya kwanza ni gia. Kabla mteremko haujaanza, dereva ateremshe gia ili injini ishikilie gari. Gari la otomatiki nalo lina nafasi za 3, 2 na L kwa kazi hiyo. Breki zikanyagwe kwa vipindi, kisha ziachiliwe zipoe. Mguu usilale juu ya pedali.

Taa ya ABS ikiwaka njiani, mwendo upunguzwe na nafasi kati ya gari na gari iongezwe. Magurudumu yakifunga na kuteleza, dereva alegeze pedali kidogo kisha akanyage tena kwa upole. Stering haina kazi gurudumu la mbele likiwa limefunga.

Taa nyekundu ikiwaka, dereva asimame mahali salama pa karibu. Ikiwa breki zenyewe zimedhoofika, namna pedali ilivyo ndiyo itakayomwongoza:

• Pedali ikizama hadi chini, aikanyage na kuiachilia upesi upesi. Huenda presha ikarudi kwa kiasi.
• Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, asiipampu, kwa maana kila mkanyago humaliza presha iliyobaki. Aikanyage kwa nguvu zote na aishikilie.

Katika hali zote mbili, ateremshe gia hatua kwa hatua, avute breki ya mkono polepole, awashe taa za tahadhari, na alielekeze gari upande wa mlima. Injini isizimwe na ufunguo usitolewe gari likiwa linakwenda. Stering itakuwa nzito, na ufunguo ukitolewa itajifunga.

KWA ANAYENUNUA GARI LA MTUMBA

Mnunuzi afike mwenyewe na ageuze ufunguo mwenyewe, injini ikiwa baridi. Azihesabu taa zinazowaka na kuzima. Afungue chupa ya mafuta ya breki: mafuta mazuri huwa na rangi hafifu ya asali, na yaliyozeeka hugeuka rangi ya kahawa. Kwenye Prado yenye pampu, afanye jaribio la mikanyago 40 muuzaji akiwapo. Mwisho, aombe mashine isome misimbo ya C. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano ametoa jibu.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe na breki zinazofanya kazi linapokuwa barabarani. Wajibu huo haumwishi mwenye gari kwa kusema kwamba aliuziwa hivyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taa ya ABS inawaka peke yake. Je, breki za kawaida bado zipo? Jibu: Zipo, lakini magurudumu yanaweza kufunga.

2. Mafuta ya breki yamefika MIN. Je, yaongezwe tu? Jibu: Hapana. Pedi zikaguliwe, na mahali panapovuja patafutwe kwanza.

3. Ufunguo ukiwa ON, taa ya ABS haiwaki hata kidogo. Je, gari ni zima? Jibu: Hapana. Huenda balbu imetolewa au taa imezibwa.

4. Taa nyekundu na ya ABS zinawaka pamoja na mlio usiokatika. Gari liko kilomita moja kutoka gereji. Dereva afanye nini? Jibu: Asimame, awazuie wengine kuliendesha, na aite gari la kulivuta.

Dereva wa Wundanyi, Voi au Taveta si lazima awe fundi. Anachohitaji ni kuijua lugha ya taa mbili, kuuliza msimbo kabla ya kulipia spea, na kutomruhusu mtu yeyote kutoa balbu. Waliokaa nyuma ya gari hawaioni dashibodi. Wanamtegemea yeye aisome.